Ekari Moja kwa Mwaka: Hesabu ya Kurudisha Mikoko ya Gazi

Miche 4,000. Hicho ndicho kiasi ambacho mradi wa Mikoko Pamoja, katika ghuba ya Gazi huko Kwale, kusini mwa Mombasa, ulijipangia kupanda kila mwaka kwa miaka 20 kuanzia 2013. Ukiacha nafasi ya mita moja kati ya mche na mche, miche hiyo inajaza hekta 0.4, yaani ekari moja, pungufu ya unyayo. Kwa miaka yote 20 ni ekari 20. Msomaji aliyezoea kampeni za miti, ambako tarakimu hazianzi chini ya milioni, atadhani kuna sifuri zilizodondoka njiani.

Hakuna iliyodondoka. Na mradi wenyewe si mchanga kwa sifa: ulipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017, na kila unapofanyika mkutano wa bahari hutajwa kuwa wa kwanza duniani, kati ya miradi ya wanakijiji, kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Eneo lililo ndani ya mkataba wake ni hekta 117, ekari 289 hivi. Kati ya hizo, hekta 107 ni msitu wa asili uliokuwa umesimama tayari, na hekta 10 ni mikoko iliyopandwa katika majaribio ya watafiti na wenyeji yaliyoanza miaka ya 1990. Ekari ya kila mwaka ni nyongeza juu ya hapo. Watu wa Gazi na Makongeni walijenga mradi wao juu ya kutokata. Kupanda kulikuja nyuma.

Vikundi vingi vya kujitolea vinafanya kinyume, na sababu ni kwamba vinahesabu miche. Mche unahesabika, unapigwa picha, una siku yake na mgeni rasmi wake. Lakini ukikaa na kalamu utaona kwamba siku ya kupanda ndiyo fungu dogo kuliko yote katika bajeti ya kurudisha msitu.

Bei nitakazotumia hapa chini ni makadirio yangu, sikuzitoa katika vitabu vya mradi. Abadilishaye abadilishe, uwiano hautahama sana.

Siku ya maji kupwa

Mtu mzoefu kidogo, tope likimfika kwenye mashavu ya miguu, tuseme anapanda miche 100 kwa saa. Miche 4,000 ni saa 40 za kazi. Watu 20 wanaimaliza kwa saa mbili na bado maji hayajarudi. Kama kibarua ni shilingi 700 za Kenya kwa siku, nguvu kazi yote ya mwaka imegharimu shilingi 14,000, na hata hizo hazitoki mfukoni kwa sababu watu wamejitolea.

Zinatoka mahali pengine, hata hivyo. Sehemu za mbele za pwani zinapandika vizuri wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na bamvua huja mara mbili tu kwa mwezi kwa siku chache. Siku hizo hizo ndizo za pweza na chaza. Mwanamke anayeshuka pwani na mche mkononi ameacha ndoo yake nyumbani, na maji yakishajaa hakuna wa kumrudishia saa zile. Mpangaji aliyekaa ofisini huandika mstari wa kujitolea kwa gharama sifuri. Kwa kaya inayokula kwa kupwa na kujaa, mstari huo una bei, na bei yenyewe ni ya juu kabisa katika mwezi. Nadhani ndiyo maana harambee za kupanda zinazodumu pwani ni zile zinazoita watu wachache kwa siku chache. Kijiji kizima kila mwezi hakiwezekani. Ekari moja kwa mwaka inaanza kuonekana kama kipimo kilichotoka kwa watu wanaojua ratiba ya bahari.

Baada ya nguvu kazi kuna mche wenyewe, na hapa bei ndiyo inayopotosha maamuzi mengi. Mkoko hasa, ule wenye mizizi ya kujipinda inayotembea juu ya tope, huzaa mbegu ndefu iliyokwisha kuota ingali juu ya mti. Unaiokota, unaichomeka, umemaliza. Bei yake ni kuinama. Mlilana ni kazi nyingine: mbegu zake ni ndogo mno, zinataka kitalu, mifuko, miezi ya kuangaliwa, au kung'oa kwa uangalifu miche iliyojiotea chini ya miti mikubwa. Tuseme shilingi 15 kwa mche mpaka uwe tayari. Kwa miche 4,000 ni shilingi 60,000, zaidi ya mara nne ya nguvu kazi ya kupanda.

Sasa angalia pwani yenyewe ilivyojipanga. Anayeikabili bahari wazi ni mlilana. Nyuma yake huja mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana zaidi upande wa nchi kavu, ingawa wakati mwingine hujitokeza mbele pia. Sehemu iliyo wazi na inayomomonyoka, ile inayomtia mtu hamu ya kupanda, mara nyingi ni ya mlilana. Kikundi chenye bajeti ndogo kinachukua mbegu ya bure na kuichomeka mahali pa mti wa shilingi 15. Wimbi la kwanza la kusi linafanya ukaguzi wake. Mikoko Pamoja uliuchagua mlilana kwa ukanda wa mbele, ingawa ndiyo njia ya gharama zaidi.

Nusu iliyobaki hai

Kitu kinachofanya hesabu kuwa chungu ni vifo. Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa 2016, uliokusanya tafiti 235 za kurudisha mazingira ya pwani duniani, ulikuta kwamba kwa mikoko kiwango cha kati cha kuishi ni asilimia 51 hivi. Mche mmoja kati ya miwili. Na hizo ni tafiti zilizochapishwa, yaani za watu waliorudi kuhesabu. Sri Lanka, ambako baada ya tsunami ya 2004 fedha na watu wa kujitolea walimiminika, watafiti walipozunguka maeneo 23 yaliyopandwa walikuta 9 hayana hata mche mmoja uliobaki. Kati ya hekta 1,000 hadi 1,200 zilizopandwa, zilizofanikiwa zilikuwa 200 na kitu. Ufilipino kuna hadithi ya namna hiyo hiyo, ndefu zaidi: miongo ya kupanda aina moja kwenye matope ya mbele na juu ya majani ya bahari, na kuishi kwa asilimia 10 hadi 20.

Gazi ina kumbukumbu yake. Shamba la mkoko lililopandwa huko lilipimwa likiwa na miaka 12, wakakuta shina 5,132 kwa hekta, urefu wa wastani mita 8.4, unene wa wastani sentimita 6.2. Ukilinganisha na miche 10,000 ambayo nafasi ya mita moja inaingiza kwenye hekta, ni karibu nusu. Sehemu ya iliyopungua ni miti iliyobanwa na jirani zake, jambo la kawaida msitu unapokua, kwa hiyo hiyo nusu ni ya heri kuliko nusu ya Sri Lanka.

Turudi kwenye ekari yetu ya mlilana tukiwa na kanuni ya nusu. Mwaka wa kwanza: kitalu 60,000 na nguvu kazi 14,000, jumla 74,000. Mwaka wa pili nusu imekufa, tunaziba mapengo: 37,000. Mwaka wa tatu robo: 18,500. Tukiishia hapo, ekari moja iliyosimama imegharimu shilingi 129,500. Kwa dola moja kwa shilingi 130, ni dola 1,000 hivi. Siku ya kwanza, ile ya picha na fulana, ni shilingi 14,000 kati ya hizo. Asilimia 11.

Anayeua miche ni nani? Mawimbi kwanza, kisha mchanga unaozika, kisha viwavi wanaotoboa matawi ya mlilana, tatizo ambalo watafiti wamelishughulikia Gazi kwa miaka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara kiasi cha kuua mikoko mikubwa huko Mwache, karibu na Mombasa. Mche usingekuwa na nafasi yoyote. Halafu kuna kaa. Kaa wa mikoko anapenda sana mbegu na chipukizi, na hapa mtu wa kujitolea anakutana na kejeli ya kazi yake: hasara ya kwanza katika vitabu ni mlo wa mnyama ambaye tumekuja kumwekea makao.

Shilingi 830

Mlinzi hana siku yake ya kitaifa. Tuseme kijiji kimeajiri walinzi wawili kwa shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi. Kwa mwaka ni 240,000, na fedha hizo zinaangalia ekari zote 289. Gawanya: shilingi 830 kwa ekari kwa mwaka.

Weka namba mbili pembeni. Kusimamisha ekari mpya, 129,500. Kuilinda iliyosimama, 830. Kwa fedha za ekari moja mpya unailinda ya zamani kwa miaka 156. Sijui hoja nyingine yenye nguvu kuliko hiyo kwa mtu mwenye bajeti ndogo na nia kubwa, na inaeleza kwa nini mkataba wa Gazi ni hekta 107 za asili kwa 10 za kupandwa.

Kuna sababu ya kibaiolojia pia ya kuogopa panga kwenye mikoko kuliko kwingineko. Huko Dodoma na Niger mbinu ya kisiki hai imefanya maajabu kwa bei ya chini. Niger, alikoanza Tony Rinaudo mnamo 1983, inasemekana hekta milioni 5 zilirudi na miti, nyingi bila mche hata mmoja kununuliwa. Mkulima anachagua chipukizi chache juu ya kisiki, anazikata nyingine, mizizi iliyokwisha kukomaa ardhini inafanya iliyobaki. Mchu ukiukata huchipua namna hiyo. Mkoko hauchipui. Ukikatwa chini umekufa, na anayeutaka tena anaanza na mbegu, tope na kaa. Kila shina la mkoko lililoibwa usiku linahamia kutoka safu ya shilingi 830 kwenda safu ya 129,500.

Panga la Gazi lina historia. Miaka ya 1970 mikoko ya hapo ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za tanuri za chokaa na matofali. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, pwani nzima toka Lamu mpaka delta ya Rufiji ilikuwa ikipakia boriti majahazini kwenda Oman, Basra na bandari nyingine za Ghuba, ambako urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana wa chumba. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Biashara ya ndani ikabaki, na bado inapangwa kwa majina yale yale ya unene: fito, pau, boriti, nguzo, zikihesabiwa kwa korja. Ndiyo maana mradi unapanda pia mivinje juu ya nchi kavu. Nyumba zitajengwa tu, na moto utawashwa tu. Mlinzi bila mvinje ni kumpeleka jirani mahakamani kwa sababu ya kuni.

Mapato, na safari ya ndege

Mradi ulianza ukitegemea kuuza kama tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa kama dola 12,000. Dola 4 kwa tani. Dola 12,000 kwa shilingi ni 1,560,000. Kanuni za Plan Vivo, shirika linalothibitisha mauzo hayo, zinataka angalau asilimia 60 iwafikie wenyeji: shilingi 936,000. Ukitoa humo walinzi wangu wawili na ekari moja mpya, zinabaki 566,500. Watu wa vijiji viwili tuwachukulie 5,000 kwa urahisi wa hesabu, basi ni shilingi 113 kwa kila mtu. Zikigawanywa mkononi ni soda mbili kwa mwaka. Hazikugawanywa mkononi, zilikwenda kwenye maji ya bomba, vitabu na majengo ya shule, vitu ambavyo mkutano wa kijiji ulichagua.

Kuna namba moja humu ambayo watetezi wa soko la kaboni hawapendi kuisema kwa sauti. Ekari moja ya Gazi, kwa wastani, iliingiza shilingi 5,400 kwa mwaka. Ekari mpya iligharimu 129,500. Inachukua miaka 24 kurudisha gharama, na mkataba ni wa miaka 20. Na huo ni wastani wa msitu mzima, mche mchanga hauwezi hata kuukaribia. Bei ikipanda hadi dola 10 kwa tani, kipindi hicho kinashuka chini ya miaka 10, na bei za kaboni ya pwani zimekuwa zikipanda. Lakini kwa bei ya dola 4, ekari mpya ilipandwa kwa hasara iliyobebwa na msitu wa zamani na saa za watu wasiolipwa. Ingeandikwa hivyo katika ripoti, watu wa kujitolea wangejua kwamba wao ndio wafadhili wakuu wa mradi.

Vipi mgeni anayetoka mbali kuja kujitolea? Safari ya ndege ya kwenda na kurudi kati ya London na Nairobi inamwachia kila abiria kama tani 2 za hewa ya ukaa. Wageni 20 ni tani 40. Ekari ya Gazi inauza tani 10 na kidogo kwa mwaka. Wageni hao wakija kupanda ekari moja, usafiri wao umekula mauzo ya mwaka mzima ya ekari nne. Ukiishia hapo utasema wabaki kwao.

Kilichotokea Gazi ni tofauti, na kinafaa kuigwa. Kwa miaka kadhaa kabla ya mauzo kuanza, watu wa kujitolea waliokuja kupitia shirika la Earthwatch waliwekwa chini ya watafiti, akiwemo James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, na Mark Huxham wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier. Walipewa utepe, kalamu na madaftari. Walipima mzingo wa miti, walichota tope la kina, walihesabu kaa. Kazi ya kuchosha, isiyo na picha nzuri, inayotaka mikono mingi na isiyomnyang'anya mwenyeji kibarua. Bila vipimo vya namna hiyo, miaka kwa miaka, hakuna tani 3,000 za kumwuzia mtu, kwa sababu mnunuzi wa kaboni hanunui msitu, ananunua tofauti kati ya vipimo viwili. Ndiyo kazi ambayo ningempa mtu wa kujitolea aliyetoka Nairobi au Edinburgh: mtu wa kupima. Miche waachiwe wenye pwani.

Wanaorudi

Hata kama kaboni hailipi ekari mpya, bado kuna waliopandiwa. Gazi ilikuwa kati ya mahali pa kwanza katika pwani hii kuuliza swali hilo kwa utaratibu: ukiweka miti tena, wanyama wanarudi? Watafiti walilinganisha msitu wa asili, shamba la mikoko ya kupandwa, na tope lililoachwa wazi baada ya kukatwa. Katika shamba la miaka michache tu, kaa na jamii ya konokono na wadudu wa tope walikuwa wamekwisha kurudi, wakikaribia wale wa msitu wa asili kuliko wale wa tope wazi.

Kaa ndiye wa kumwangalia. Anavuta majani yaliyoanguka mpaka shimoni mwake, na mashimo hayo yanaingiza hewa kwenye tope ambalo vinginevyo lingenuka na kusonga. Tondo, wale konokono wakubwa wa matopeni, nao wanayala majani. Maji yakijaa, tafi wadogo, mkizi na kamba wanaingia kati ya mizizi ambako samaki mkubwa hapenyi, wanakula, maji yakipungua wanatoka. Thamani hiyo inaishia kwenye mtumbwi wa mtu ambaye pengine hakupanda chochote, kilomita kadhaa kutoka hapo. Hakuna mstari wake katika mkataba wa kaboni. Ungekuwapo, ile miaka 24 ingepungua, ingawa kwa kiasi gani inategemea ni wavuvi wangapi na nyavu zao zina matundu gani.

Wala si kila mnyama anafaidika na mti. Tope wazi la kawaida, lisilokuwa na historia ya mikoko, ni meza ya ndege wahamiaji wanaotoka kaskazini ya dunia na kutua pwani yetu kula minyoo. Ukilipanda kwa sababu lipo wazi na mgeni rasmi yuko njiani, umeondoa makao ili kuweka makao. Kabla ya kuchimba, muulize mzee wa uvuvi pale palikuwa na nini. Swali hilo halina gharama, na likiulizwa mapema linaokoa ile 129,500 nzima.

Ukubwa wa kazi

Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa 2017 hadi 2027 unaweka mikoko ya Kenya kwenye hekta 61,271, zaidi ya nusu yake ikiwa Lamu. Karibu asilimia 40 ya hiyo imeharibika kwa namna fulani: hekta 24,500, ekari 60,500. Kwa mwendo wa Gazi, ekari moja kwa mwaka, kazi itakwisha baada ya miaka elfu sitini.

Hesabu hiyo ni ya kijinga, na nimeiweka kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayowasukuma viongozi kutaja mabilioni. Serikali ya Kenya ilitangaza mwishoni mwa 2022 lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikawa sikukuu ya watu kwenda kupanda, lengo la siku hiyo likiwa miche milioni 100. Kwa watu milioni 47.6 wa sensa ya 2019, bilioni 15 ni miti 315 kwa kila mtu, mtoto wa mgongoni akiwemo. Kwa kanuni ya nusu ni miche 630. Siku moja ya mapumziko inaweza kuwapa watu mche. Haiwezi kuwapa mlinzi, na mlinzi ndiye anayeigeuza miche kuwa miti. Wangari Maathai aliliona hilo mapema. Kina mama wa Green Belt Movement, iliyoanzishwa 1977, walilipwa kidogo kwa kila mche uliobaki hai, na ule uliokufa haukulipwa. Malipo yenyewe yakawa ndiyo ukaguzi.

Ekari nyingi kati ya zile 60,500, kwa kweli, hazihitaji mche. Zinahitaji kupumzishwa. Mahali ambapo miti mama ipo karibu na maji yanaingia na kutoka kama zamani, mbegu huja zenyewe kwa wingi usioweza kuushinda kwa mikono. Kwingine kilichoharibika ni njia ya maji: tuta la barabara, bwawa la chumvi lililoachwa, mfereji ulioziba. Hapo kundi la watu 20 wenye majembe kwa wiki moja linaweza kufungua ekari ambazo kwa miche lingezipanda mwaka mzima. Haipendezi pichani, mtaro ni mtaro. Vanga, mpakani na Tanzania, wamechukua njia ya Gazi kwa upana zaidi: vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vimeingiza hekta 460, karibu mara nne ya Gazi, na tena uzito uko kwenye kulinda. Ukijumlisha miradi hiyo miwili ni hekta 577, chini kidogo ya asilimia 1 ya mikoko ya Kenya. Huo ndio ukubwa halisi wa jambo linalosifiwa dunia nzima, baada ya zaidi ya miaka kumi.

Shina la boriti

Hekta 10 za kupandwa za Gazi sasa zimepita miaka 30 au zinaikaribia. Lile shamba la mkoko lilipopimwa likiwa na miaka 12, shina la wastani lilikuwa pau. Leo mashina mengi yatakuwa yamefika boriti. Gawanya zile shilingi 5,400 za ekari kwa mashina 2,077, yaani yale 5,132 ya hekta yakipimwa kwa ekari: mti mmoja unaingiza shilingi 2 na senti 60 kwa mwaka. Kwa mkataba wote wa miaka 20, shilingi 52. Hakuna mji pwani ambako boriti nzuri ya mkoko itakupa shilingi 52; utapewa mara kadhaa ya hiyo, taslimu, siku hiyo hiyo.

Mti kwa mti, kaboni ya dola 4 inashindwa na panga. Inashinda pale tu inapolipwa kwa ekari zote pamoja, kila mwaka, kwenye bomba ambalo hata mke wa mkataji huchotea maji. Mkataba wa sasa unafika 2033. Tangu 2023 sheria ya Kenya inataka mradi wa kaboni wa ardhini uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia iende kwao. Gazi tayari wako juu ya hapo. Watakaokaa kwenye mkeka kujadili bei mpya watakuwa na kitu ambacho waliosaini 2013 hawakuwa nacho, yaani miaka 20 ya vipimo vya msitu wao wenyewe. Kwa hesabu ya ekari mpya, bei ya kuanzia mazungumzo ni dola 10. Kwa hesabu ya boriti, ni zaidi ya hapo sana.